Mshamba wa Sinema na Wanawake wa Ngoma

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Dar es Salaam sinema ya kuchekesha iitwayo Muhogo Mchungu. Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza mshamba aingiaye mjini akadanganywa na wajanja. Watazamaji walicheka, na fundisho likawa kwamba mji ni mtego.

Lakini katika mji huo huo wanawake walikuwa na vyama vyao vya ngoma, wenye viongozi wao na nyimbo zao za kusutana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, aliviendea vyama hivyo, na katika miezi mitatu waliandikishwa TANU wanawake yapata 5,000. Kilichodhaniwa mchezo kilikuwa chuo cha siasa.