Chumbe na Saa Zake Tatu

Anayetaka kuzuru mwamba wa Chumbe siku hizi huanza kwa kutazama kalenda ya likizo yake. Huhesabu siku alizopewa na mwajiri, akauliza bei ya safari, kisha akaulizia nafasi. Kalenda hiyo ni ngeni katika bahari ya Unguja. Kabla yake zilikuwepo nyingine mbili, na kila moja ilikuwa na watu wake na hoja zake. Historia ya kisiwa hiki kwa kiasi kikubwa ni historia ya swali moja: ni nani mwenye haki ya kuamua saa ya kukifikia?

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, chenye urefu wa takriban kilomita moja, kilichopo kiasi cha kilomita 12 kusini mwa Mji Mkongwe. Hakina mto wala kisima cha maji matamu, na jiwe lake halikubali jembe. Kwa sababu hiyo hakikupata mji wala shamba. Utajiri wake uko chini ya maji, upande wa magharibi, ambako mwamba umebeba karibu aina 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki.

Saa ya kwanza ya Chumbe ni ya mwezi. Watu wa pwani hawakuhitaji kuandikiwa majira ya maji. Waliyahesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama, na unapotimia siku ya 14 na 15, huja bamvua, na maji katika mkondo wa Unguja huweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Tena bamvua la Unguja lina saa zake zisizobadilika sana: maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa alasiri kwenye saa kumi. Kila siku ipitayo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwanamke aendaye kuchokoa pweza, na mvuvi anayepima mwamba kwa pondo, wote wawili waliipanga siku yao kwa hesabu hiyo, na hakuna aliyeiona kuwa elimu ya ajabu.

Juu ya hesabu ya mwezi ilikuwepo ya upepo. Kaskazi huvuma tangu mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Machi, kusi likashika kuanzia Aprili, na baina yao huwa siku za tanga mbili, upepo usipojua uelekee wapi. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi hauendi sambamba na misimu, wakulima na mabaharia walikuwa na mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, wenye siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi. Kwa hivyo mtu wa zamani alikuwa na kalenda mbili kichwani kwa wakati mmoja: mwezi ukimwambia saa ya maji, na miongo ikimwambia msimu wa pepo. Kusi likichafuka, ngalawa ilipandishwa mchangani na mwamba ukapumzika. Hapakutolewa amri yoyote. Upepo wenyewe ulikuwa mlinzi.

Saa ya pili ililetwa na meli. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilijenga mnara wa taa kisiwani humo, ili kuongoza vyombo vinavyoingia na kutoka bandari ya Unguja. Mnamo mwaka 1926 taa hiyo ikabadilishwa kutumia gesi. Walinzi wa taa wakajengewa nyumba, na msikiti mdogo wenye sura ya Kihindi. Kwa taa, kila usiku ni sawa na usiku mwingine. Haitofautishi bamvua na maji mafu, wala kaskazi na kusi. Hata hivyo, ujio wa meli ulikuwa na matokeo ambayo hayakukusudiwa. Upande wa magharibi wa kisiwa umepakana na njia ya vyombo vikubwa, na kwa muda mrefu wavuvi hawakuruhusiwa kutanda humo wasije wakaizuia. Mwamba ukahifadhika, kwanza kwa ajili ya biashara, kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuhifadhi kwa ajili yake wenyewe.

Saa ya tatu ni ya mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilianzishwa juhudi ya kukifanya kisiwa kuwa hifadhi inayoendeshwa na watu binafsi, na mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa magharibi kuwa eneo lisilovuliwa. Baadhi ya waliokuwa wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi. Zikajengwa nyumba saba tu za kulala wageni, zenye mapaa yanayokinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi. Watoto wa skuli za Unguja nao wakaanza kuletwa kujifunza, na wengi wao walitia uso majini kwa mara ya kwanza wakaona kile ambacho wazee wao walikijua kwa ndoana.

Hapo ndipo kalenda ya likizo inapokutana na zile za kale, na inabidi iinamishe kichwa. Mgeni anaweza kuchagua mwezi wa Agosti kwa kuwa ndipo kwao wanapopumzika, lakini Agosti ni ya kusi, na huenda bahari ikawa na mawimbi. Anaweza kuchagua siku ya bamvua. Basi asubuhi atatembea ufukweni akitazama vidimbwi vilivyoachwa na maji, lakini kwa kuogelea juu ya mwamba atangoje yajae. Akija siku za maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi maji yatakuwa mengi, ila ufukwe hautafunuliwa kama siku za bamvua. Katika kilele cha masika nyumba hufungwa, wakati mapaa yakikinga maji yatakayotumiwa na wageni wa kiangazi. Na anayetaka kushinda tu bila ya kulala hupokewa endapo nafasi ipo. Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Waliyasema kuhusu dunia, lakini hapa yafaa kufahamika kama yalivyo.

Hata saa hiyo ya kale, lakini, haina tena utulivu wake. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, maji ya upande huu wa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi mwishoni mwa kaskazi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa. Miezi ya Machi na Aprili, ambayo baharia aliijua kuwa ya maji matulivu, ndiyo sasa miezi ya hofu kwa mwamba. Mlinzi aliyewazuia wavuvi hawezi kulizuia joto.

Wapo wanaosema kuwa hifadhi imemnyang'anya mvuvi saa yake na kumpa mgeni mwenye fedha, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba wenyeji ndio walioombwa kuacha. Jibu linalotolewa ni kuwa samaki wanaozaliana ndani ya mpaka hawaujui mpaka, hutoka na kunaswa nje. Jibu hilo lina uzito, lakini linatimia tu iwapo anayepokelewa badala ya mvuvi naye anakubali kuzuiwa. Mvuvi alizuiwa na upepo, kisha na meli, kisha na sheria. Mgeni naye akiambiwa kuwa wiki aliyoichagua siyo, nafasi hamna, au maji bado hayajajaa, asione kuwa amenyimwa haki. Ameingizwa katika utaratibu uliokuwepo kabla yake, na ni utaratibu huo uliomwekea mwamba hata akaukuta.