Mizigo Inayopita na Ajira Inayobaki: Biashara, Madini na Kazi Wilayani Ngara na Biharamulo

Tangu mwaka 1986, Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa kufufua uchumi, milango ya biashara imefunguliwa mmoja baada ya mwingine. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia katika soko la kahawa. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, Rwanda na Burundi zikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Soko la Pamoja likaanza mwaka 2010. Mwaka 2021 Bunge likaridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika. Kila hatua ilitetewa kwa ahadi ya ajira. Makala hii inaipima ahadi hiyo katika wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizo karibu na lango kuliko wilaya nyingi za nchi.

Ngara inapakana na Rwanda katika daraja la Rusumo, na pia na Burundi katika kituo cha Kabanga. Biharamulo ina Lusahunga na Nyakanazi, ambako barabara ya Dar es Salaam inayopitia Isaka na Kahama hukutana na zile za Kigoma, Bukoba na Rusumo. Shehena za Kigali na Bujumbura zinazotumia barabara hiyo hupita hapa. Kama kufunguka kwa soko kungetosha kuzaa ajira, vijana wa wilaya hizi wasingekuwa wanaondoka kwenda kutafuta vibarua Kahama, Geita na Mwanza. Hoja yangu ni kwamba biashara huacha ajira mahali ambapo bidhaa husimama ikafanyiwa kazi. Kwa hiyo kigezo cha kupimia sera ya biashara katika maeneo ya mpakani kiwe thamani inayobaki wilayani, kabla ya tani zinazovuka mpaka.

Funzo la miaka ya kambi

Ngara imewahi kupata wimbi la ajira la ghafla, na matokeo yake yamechunguzwa vizuri. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia Rwanda. Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa duniani. Mashirika ya misaada yaliajiri madereva, walinzi, makarani, wauguzi na wakalimani, na baadhi ya walimu na wahudumu wa afya wakaacha vituo vyao kufuata mishahara minono zaidi.

Faida hiyo haikugawanyika sawa. Jennifer Alix-Garcia na David Saah, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walionyesha kwamba bei za vyakula visivyokuwa sehemu ya msaada zilipanda sana karibu na kambi. Mwenye mgomba na ziada ya maharage alineemeka. Asiye na shamba la kutosha aliumia sokoni. Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva waligundua kwamba Watanzania walioguswa zaidi na ujio wa wakimbizi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuajiriwa nje ya kaya, na mkubwa zaidi wa kufanya kazi katika shamba la nyumbani. Ndivyo inavyotarajiwa pale wageni wasio na ardhi wanapokubali kufanya kazi kwa ujira mdogo na kumwondoa maskini mwenyeji katika soko la vibarua.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirejeshwa kwao. Kambi ya Lukole, iliyowahifadhi Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Mashirika yalipofunga virago, ajira zake zilikwenda nayo. Hata hivyo, Jean-François Maystadt na Gilles Duranton, wakitumia takwimu za Kagera, walibaini kwamba hali ya maisha ya wenyeji karibu na kambi iliendelea kuwa bora muda mrefu baada ya wakimbizi kuondoka. Sababu kuu waliyoiona ni kushuka kwa gharama za usafiri kutokana na barabara zilizojengwa wakati ule. Mishahara ya miaka ile ilikuwa ya kupita. Kilichodumu ni njia ya kutolea mazao shambani.

Mgodi na mipaka yake

Leo matumaini makubwa yamehamia kwenye nikeli ya Kabanga. Mwaka 2021 Serikali ilisaini mkataba ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel, yenyewe ikiwa na hisa asilimia 16, na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa mwaka huohuo. Nikeli inahitajika katika betri za magari ya umeme, hivyo Ngara imeingia katika mashindano ya viwanda vya dunia nzima.

Hata hivyo, mgodi wa chini ya ardhi hutumia mtaji mwingi na mikono michache. Tena, mtambo wa kusafishia madini umepangwa kujengwa Kahama, katika eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Kwa taifa, uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa Kahama ina miundombinu na mafundi walioachwa na dhahabu. Kwa Ngara, maana yake ni kwamba hatua ya kuongeza thamani, yenye kazi nyingi za kitaalamu, itafanyika nje ya mkoa.

Biharamulo imekwisha kuonja hali hii. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 mwekezaji wa nje akaondoka, ukabaki mikononi mwa shirika la madini la taifa, STAMICO, kupitia kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Muda wa mwekezaji huyo haufikii hata miaka ambayo mtoto aliyezaliwa mgodi unafunguliwa angehitaji kumaliza shule. Wilaya inayopanga uchumi wake juu ya mgodi mmoja inapanga kwa kipindi kifupi.

Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinatoa kipaumbele kwa kampuni za Kitanzania. Ni hatua njema, lakini kampuni ya Dar es Salaam au Mwanza inatimiza sharti hilo sawasawa na ushirika wa Bugarama. Bila maandalizi ya makusudi, mboga, mayai, sare na vipuri vitapita mbele ya macho ya wenyeji vikielekea mgodini.

Mpaka mwepesi kwa nani?

Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016, kimewezesha lori kukaguliwa mara moja badala ya kusimama pande zote mbili za mto. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwa kuwa ucheleweshaji ni gharama inayoishia kwa mlaji. Lakini lazima tuseme pia kwamba riziki ya mama lishe, mwenye gesti na fundi wa matairi inategemea dereva kulala. Kadiri mpaka unavyokuwa mwepesi, ndivyo riziki hiyo inavyopungua. Ufanisi wa ushoroba na ajira za kandokando yake vinavutana, na mpango unaohesabu upande mmoja tu haujakamilika.

Jawabu halipatikani kwa kurudisha foleni. Ng'ambo ya mpaka kuna nchi mbili ambazo msongamano wake wa watu ni miongoni mwa mikubwa zaidi barani Afrika, na zinahitaji chakula. Mkulima wa Ngara na Biharamulo analima mahindi, maharage na mihogo, ila mara nyingi huyauza yakiwa ghafi kwa dalali anayekuja na gunia na mizani yake. Katika kahawa hali ni ngumu zaidi: kwa butura, mwenye shida ya ada ya shule huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya mkopeshaji. Soko limefunguliwa, lakini anayeingia akiwa na njaa hawezi kungoja bei.

Utaratibu wa Jumuiya unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa hati rahisi ya uasili. Utaratibu huo ungetangazwa kwa bidii ileile inayotumika kukamata wanaopita njia za panya, wanawake wengi wanaobeba unga na maharage wangefanya biashara yao bila hofu, nayo Serikali ingepata takwimu za kweli.

Pingamizi la uhamaji

Ipo hoja nzito dhidi ya yote haya: kwa nini tusiwaache vijana waende kazi iliko? Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watu wa Kagera tangu 1991 hadi 2004, wakakuta kwamba kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia. Ushahidi huu haupaswi kupuuzwa, wala kijana asizuiwe kuondoka.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kutoka katika kilimo kulileta ukuaji mkubwa zaidi kuliko kubaki humo, na kwamba jamii ya nyumbani huwawekea baadhi ya watu vikwazo vya kuondoka. Binti anayemuuguza mzazi au mama mwenye watoto hana uhuru wa kijana mwenye begi moja. Kazi ya kukoboa, kusaga, kufungasha na kutengeneza mitambo iliyo karibu na nyumbani ndiyo inayowafikia hao.

Yanayopaswa kufanywa

Mambo manne yanaweza kuanza kwa sheria na taasisi zilizopo. Kwanza, ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya mgodi uelekezwe kwenye barabara za vijijini kwa kushirikiana na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), kwa kuwa ushahidi wa baada ya kambi unaonyesha kwamba huo ndio uwekezaji uliodumu. Pili, mtambo wa umeme wa maji wa Rusumo wa megawati 80, ambazo hugawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, uwafae kwanza wanaouzunguka: umeme wa njia tatu ufike Kabanga, Rulenge, Benaco na Nyakanazi kwa ajili ya mashine za kusaga na kukoboa. Tatu, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu itumike kuvunja butura na kuviandaa vikundi kupata zabuni za mgodi. Nne, halmashauri zichapishe kila mwaka idadi ya watu walioajiriwa na thamani ya bidhaa zilizosindikwa wilayani, kando ya takwimu za malori.

Kufunguka kwa soko ni fursa halisi, na kufunga milango kungewaumiza kwanza wakulima hawahawa. Ila fursa haijigawi yenyewe. Serikali iliyoweza kujadiliana na wawekezaji juu ya nikeli, na pia na majirani juu ya forodha, ina uwezo wa kufikisha mashine ya kukoboa na barabara inayopitika masika kwa mkulima wa Murusagamba na Nyakahura. Hilo ni deni la sera yetu ya biashara kwa wananchi wanaoishi langoni, na linapaswa kulipwa kabla mgodi wa Kabanga haujafuata njia ya Tulawaka.