Kiko cha Mti Huvunjikia Shingoni, na Sababu Ipo Kwenye Nyuzi

Mdau, ukikuta mzee kule Mwandoya, wilayani Meatu, kashika kiko cha mti, usihangaike na mng'ao wake. Angalia shingo, pale bakuli linapokutana na bomba. Hapo ndo viko vingi hufia.

Zamani shida hiyo haikuwa kubwa. Kiko cha pwani kilikuwa cha vipande: bori la udongo ndo lilibeba moto, digali likapeleka moshi kwenye kifuu cha nazi chenye maji, kisha shilamu mdomoni. Kaa la moto halikugusa mti. Kasheshe ilianza watu walipotaka kiko cha Kizungu, kifupi, cha kipande kimoja, cha kutia mfukoni.

Mti una nyuzi, zinapanda toka chini kwenda juu. Zikisimama na bakuli, shingo inazikata kwa upana, kiko kikidondoka tu, kwisha. Ukizilaza zifuate bomba, shingo inakaza, ila ukuta wa bakuli mbele na nyuma unabaki na nyuzi fupi, na ukiwa mwembamba moto unaupasua. Afadhali hii ya pili, ukuta uachwe mnene.

Wazungu walikwepa mtego kwa kuchonga kifundo cha mizizi ya briar toka Mediterania, ambacho nyuzi zake zimesokotana. Hapa kwetu Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko vilivyoitwa Kiko, kwa madini meupe ya Amboseli. Jiwe halina nyuzi, kesi imeisha!

Mzee mmoja wa Mwandoya hakuwa na kifundo wala jiwe. Alikuwa na mpingo, mti mzito unaozama majini. Kiko chake cha kwanza kilikatika shingoni, kazi yote ikaenda na maji. Safari ya pili akatafuta panda, pale tawi linapochomoza kwenye shina. Kumbe pale nyuzi zenyewe zinakata kona! Bakuli likatoka upande wa shina, bomba upande wa tawi. Na ule moyo wa tawi, ambako nyufa hupenda kuanzia, ndo palepale pa kupitisha chuma cha moto ili moshi upate njia.

Ila mpingo ukikauka haraka unapasuka. Akapaka nta ya nyuki kwenye ncha, akakiweka kivulini. Mjukuu akataka kianze kuchongwa baada ya wiki mbili. Mzee akakificha mpaka kiangazi kilichofuata.