Mali Kauli na Leseni: Historia ya Mtandao wa Wafanyabiashara Wadogo wa Matamba na Makambako

1.0 Utangulizi

Matamba ni mji mdogo katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, pembezoni mwa Uwanda wa Juu wa Kitulo. Kutoka hapo barabara hushuka kwa kona kali 57 hadi Chimala, ambako hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Msafiri anayeelekea mashariki kwa barabara hiyo hufika Makambako, mji wa njia panda, ambako barabara ya Njombe na Songea huchepuka kuelekea kusini. Kwa miongo kadhaa vijana wa Ukinga wameshuka kutoka milimani kwenda kutafuta maisha katika miji ya namna hiyo, na wengi wao wamekuwa wafanyabiashara. Maduka ya Wakinga yanajulikana Makambako, Njombe, Mbeya, Iringa na Songea, hadi Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu hali hii ni kwamba Wakinga wana biashara katika damu. Insha hii inayakataa maelezo hayo kwa sababu yanaifanya tabia kuwa chanzo, ilhali tabia yenyewe inahitaji kuelezwa. Hoja kuu ni kwamba mtandao wa wafanyabiashara hawa ni zao la historia ya njia, sheria na uhaba. Hoja ya pili, inayotokana na ya kwanza, ni kwamba dola, tangu enzi ya Waingereza hadi leo, imemwandikisha mfanyabiashara mmoja mmoja pamoja na mahali pake pa biashara, lakini haikuutambua uhusiano unaomfanya aweze kufanya biashara. Gharama ya pengo hilo imewaangukia wale wenye sauti ndogo zaidi ndani ya mtandao.

2.0 Mkopo Usio na Mahakama

Kabla ya duka kulikuwa na safari. Katika kipindi cha ukoloni, wanaume kutoka nyanda za Ukinga walisafiri kutafuta ujira. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, yaliyoshamiri katika miaka ya 1920 na 1930, na mashamba ya chai ya Nyanda za Juu Kusini yalihitaji vibarua. Safari hizi zilijenga mambo mawili ambayo baadaye yalikuwa mtaji: fedha taslimu, hata kama ni kidogo, na ujuzi wa kumpokea mgeni wa nyumbani ugenini. Aliyetangulia alijua pa kulala, bei ya chakula na mwajiri anayelipa. Aliyefuata alimtafuta aliyetangulia.

Kwa upande wa sheria, Mwafrika wa Tanganyika aliyetaka kufungua duka alikuta mlango wa mkopo umefungwa. Biashara ya jumla na sehemu kubwa ya rejareja ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa asili ya Asia na Waarabu. Sheria ya Kuzuia Mikopo kwa Wenyeji ya mwaka 1931 iliweka masharti yaliyofanya iwe vigumu kwa mdai asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani, isipokuwa pale mkopo ulipoandikwa na kuidhinishwa na mamlaka. Sheria hiyo ilielezwa kuwa ni ya kumlinda mwenyeji dhidi ya madeni. Matokeo yake kwa mwenye nia ya biashara yalikuwa tofauti: mkopo wa bidhaa uliotolewa bila idhini ulibaki bila kinga ya mahakama, na dhamana yake pekee ikawa neno la mkopaji na watu wanaomfahamu. Hapa ndipo mali kauli, yaani bidhaa zinazotolewa kwa ahadi ya mdomo ili zilipwe baada ya kuuzwa, ilipopata uzito wa kipekee. Si kwamba watu walipenda mdomo kuliko karatasi, karatasi haikuwafikia.

3.0 Njia Panda na Uhaba, 1967–1984

Ujenzi wa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, pamoja na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kuanza kazi rasmi 1976, ulibadilisha ramani ya nyanda za juu. Makambako ikawa na barabara, kituo cha reli na njia ya kwenda Songea. Aliyeshuka Matamba hadi Chimala sasa alikuwa na njia mbili za kufika huko.

Hata hivyo, njia zilifunguka wakati biashara binafsi ikibanwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya jumla iliwekwa chini ya mashirika ya umma, na katika miaka ya 1970 makampuni ya biashara ya mikoa, yaliyojulikana kwa kifupi kama RTC, yakapewa jukumu la kusambaza bidhaa. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 ilimtaka kila mfanyabiashara awe na leseni. Mwaka 1976, kupitia Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Uhaba ulipozidi baada ya Vita vya Kagera, serikali iliendesha msako dhidi ya waliotajwa kuwa wahujumu uchumi mwaka 1983.

Katika mazingira hayo, taarifa ikawa bidhaa. Kujua lori la sabuni litafika lini, nani ana kibali, na duka gani limepata khanga kulikuwa na thamani sawa na mtaji. Taarifa ya namna hiyo haikuweza kutangazwa. Ilipitishwa kwa mtu anayeaminika, na anayeaminika mara nyingi alikuwa ndugu, mtu wa kijiji kimoja au muumini wa usharika mmoja. Kwa hiyo sera iliyokusudia kuiondoa biashara binafsi iliufanya mtandao wake kuwa wa siri na wa ndani zaidi. Masharti ya uagizaji yalipolegezwa mwaka 1984, waliokuwa na watu katika miji kadhaa ya njiani walikuwa tayari kupanuka haraka kuliko waliokuwa na fedha pekee.

4.0 Duka kama Chuo

Taasisi kuu ya mtandao huu haina jina katika sheria yoyote. Kijana huchukuliwa kijijini na ndugu au jamaa mwenye duka mjini. Hupewa malazi na chakula. Hufagia, hupanga bidhaa, huhudumia wateja, na baadaye hutumwa kununua mzigo. Kwa miaka kadhaa halipwi mshahara kamili. Akionekana mwaminifu, tajiri wake humfungulia duka: humpa mtaji, bidhaa au vyote viwili, na humtambulisha kwa wauzaji wa jumla. Utambulisho huo ndio wenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu humfungulia mali kauli. Muuzaji wa jumla anampa bidhaa kijana asiyemjua kwa kuwa anamjua aliyemleta.

Mfumo huu una mantiki thabiti ya kiuchumi. Miaka ya utumishi huonyesha tabia ya kijana mahali ambapo benki ingetaka hati ya nyumba. Sifa ya tajiri huwekwa rehani kwa ajili ya mwanafunzi wake. Aliyefunguliwa duka naye huchukua kijana mwingine, na mnyororo huendelea.

Lakini mantiki hiyo hiyo huficha udhaifu. Ahadi ya kufunguliwa duka haina tarehe wala kiasi. Kijana akiondolewa baada ya miaka mitano ya kazi, kwa kosa la kweli au la kudhaniwa, hana mkataba wa kuuonyesha, na mgogoro huamuliwa na wazee ambao mara nyingi ni jamaa wa tajiri. Mnyororo unakumbuka waliofunguliwa maduka. Waliorudi mikono mitupu hawamo katika simulizi za mafanikio. Mwanahistoria anayeandika kwa kutegemea waliofaulu pekee anarudia upofu wa mtandao wenyewe.

5.0 Kifo na Deni Lisiloandikwa

Udhaifu huo ulidhihirika zaidi wakati wa janga la UKIMWI. Makete ni miongoni mwa wilaya zilizoathirika vibaya, na utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulionyesha kuwa Njombe ilikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha maambukizi ya VVU, asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Barabara zilizosafirisha bidhaa zilisafirisha pia ugonjwa.

Mfanyabiashara anapofariki, mali kauli hugeuka fumbo. Wanaomdai hujitokeza; anaowadai wanaweza kunyamaza. Hesabu zilizokuwa kichwani mwake huzikwa pamoja naye. Mjane aliyeuza dukani kila siku hawezi kuthibitisha mchango wake, kwa kuwa utambulisho kwa wauzaji wa jumla ulifanywa kwa jina la mume. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 nazo zilimpa mjane nafasi finyu. Hivyo uaminifu uliomjenga mume haukurithiwa na mke, ingawa deni lake liliweza kumfuata.

6.0 Taasisi Rasmi na Mipaka Yake

Jitihada rasmi za kuwaunganisha wafanyabiashara hazikukosekana. SIDO ilianzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na TCCIA 1988 kama chemba ya wenye biashara, viwanda na kilimo. Desemba 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilianza kutolewa kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mwaka huohuo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilivitambua vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa.

Kati ya hatua hizi, ya mwisho ndiyo inayokaribia zaidi hoja ya insha hii, kwa kuwa inatambua kikundi badala ya mtu mmoja. Kitambulisho kinaonyesha kwamba mtu anafanya biashara. Hakionyeshi nani alimfundisha, nani anamdai, wala nani amefanya kazi nyuma yake bila mshahara.

7.0 Hitimisho

Mtandao wa wafanyabiashara wa Matamba na Makambako haukutokana na damu. Ulijengwa na watu walionyimwa mkopo wa kisheria, wakafungiwa maduka, kisha wakafunguliwa njia. Nguvu yake ni neno lililotunzwa. Udhaifu wake ni kwamba neno hilo halikuwahi kuwa la wote: kijana alilisikia kama ahadi, na mjane hakuwahi kutajwa ndani yake. Sera itakayotaka kuwasaidia wafanyabiashara wadogo haina haja ya kuanzisha uaminifu mpya mahali ambapo upo tayari. Inachopaswa kufanya ni kuuandika ule uliopo, kuanzia miaka ya kazi ya kijana wa dukani na jina la mwanamke aliyesimama nyuma ya meza ya kuuzia.