Uko na Subaru ya turbo? Iponye kwanza kabla hujaiongezea moto

Kila mtaa Nairobi uko na ile ndai. Inapita usiku ikinguruma kama iko na ugomvi na majirani, halafu msee akiachilia mafuta unaskia "pshhh!" Mara nyingi hiyo ni Subaru Impreza WRX, mashine iliyoanza kuuzwa Japan mwaka wa 1992. Jina la Impreza hapa kwetu lilijengwa na Safari Rally: Colin McRae alishinda nayo 1997, Richard Burns akashinda nayo 2000.

Sasa umepata yako na unataka kuifanyia kazi hapo kwa ploti. Poa sana. Lakini shika hii moja: kitu chochote kimelegea kwa injini, turbo itakitafuta na kukipata. Ndio maana kuponya kunakuja kabla ya kuongeza. Fuata huu mpangilio.

Kwanza, elewa turbo

Moshi ukitoka kwa injini unazungusha feni moja. Feni hiyo imeshikana na nyingine kwa shafti, na hiyo ya pili inasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa mingi na petroli ikiongezwa, unapata nguvu. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inategemea sana oili isiungue.

Kuna kitu ingine. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Turbo yako inakazana zaidi kufikisha presha ileile. Usikopi mipangilio ya jamaa wa Pwani ama wa Uingereza.

1. Oili

Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, na utumie sinthetiki ya gredi iliyo kwa kitabu cha gari. Angalia kiwango kila wiki, gari ikiwa kwa tambarare. Injini hizi zinajulikana kwa kumeza oili, na ikiisha hakuna wa kukuambia mapema. Baadhi ya hizi injini pia ziko na kijichujio cha wavu ndani ya bolti ya paipu ya oili ya turbo. Kikiziba, turbo inakufa na njaa.

Cheki moshi pia. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli imezidi. Mweupe ambao hauishi hata injini ikipata moto, tena unanukia utamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwa silinda. Hapo shuku gasketi ya hedi.

2. Hewa inayovuja

Gari imekosa nguvu? Usikimbilie kununua turbo. Mara mingi ni mpira umepasuka ama klipu imelegea. Tengeneza kipimo chako: kifuniko cha paipu ya PVC chenye valvu ya tairi. Injini ikiwa imezimwa, kifunge kwa mdomo wa turbo, weka presha polepole isizidi psi 15, kisha pulizia maji ya sabuni kwa viungo vyote na intakula. Pale povu inachemka ndipo kuna shida. Usisimame mbele ya hicho kifuniko, kinaweza kuruka.

3. Turbo yenyewe

Injini ikiwa baridi, toa mpira wa hewa na ushike ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, ama feni ikikwaruza ukuta, hiyo imeisha.

4. Taimingi belti

Kwa injini ya EJ20, belti hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni na injini imeenda. Umenunua gari na hakuna rekodi ya belti? Hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Kama hujawahi panga alama za taimingi, hii lipa fundi.

5. Sasa ongeza moto

Anza na brekipadi, maji ya breki na tairi. Gari ikienda mbio zaidi lazima isimame vizuri zaidi, na Thika Road haitakungoja ujifunze.

Baadaye ndio uje kwa filta kubwa na ekzosi. Lakini ukibadilisha njia ya hewa, hesabu ya sensa inaharibika na petroli inaweza kuwa kidogo. Hapo injini inaanza kugonga ndani, na kugonga ndiko kunavunja pistoni. Tena, WRX za Japan zilipangwa kwa petroli ya okteni karibu 100, na Super ya kawaida ya hapa iko chini ya hiyo. Kompyuta ya injini lazima ipangwe upya kulingana na petroli unayonunua, na mtu mwenye vipimo, si mwenye mdomo.

Na ile valvu ya kumwaga hewa nje? Haiongezi nguvu. Kwa WRX zenye sensa ya kupima hewa, hewa inayomwagwa ilikuwa imeshahesabiwa, kwa hivyo petroli inazidi na gari inakohoa. Unalipia kelele tu.

Usalama

Jeki ni ya kuinua, sio ya kushikilia. Usiingie chini ya gari bila stendi za chuma. Usifungue rejeta ikiwa moto. Spea za Grogan cheki mara mbili kabla doo haijatoka mfukoni, feki ni mingi. Na ukiongeza nguvu, ambia kampuni ya bima. Wakigundua baada ya ajali, wanaweza kukataa kulipa.

Ndai yenye afya na nguvu za kiwandani itaiacha nyuma ile imejazwa vitu na iko kwa breakdown kila mwezi. Anza na oili wikendi hii.