Hati Zisizosomeka kwa Wasioona: Zana za Kuzirekebisha na Mipaka Yake

Tangazo la kazi au fomu ya mkopo wa masomo inapowekwa mtandaoni kama faili la PDF, anayeona huisoma mara moja. Asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini, huenda asisikie lolote, nayo tarehe ya mwisho ya maombi ikampita.

Programu ya kusoma skrini hubadili maandishi ya kompyuta au simu kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha Breli. Miongoni mwa zinazotumika sana ni JAWS, ambayo hulipiwa, na NVDA, ambayo hutolewa bure. NVDA ilianzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Huja na sauti ya eSpeak NG, inayoweza kusoma Kiswahili.

Chanzo cha tatizo kimo ndani ya mafaili yenyewe. Kampuni ya Adobe ilitoa muundo wa PDF mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta. Baadaye ziliongezwa lebo zilizofichwa, zinazoieleza programu kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya na kipi ni jedwali. Mwaka 2012 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha PDF zinazofikika, kiitwacho PDF/UA.

Hata hivyo, mafaili mengi hayana lebo hizo. Mengine ni picha tupu za karatasi, kama inavyotokea ofisi inapochapa barua, ikaitia saini na muhuri, kisha ikaiskani. Kasoro nyingine ni lugha isiyotajwa ndani ya hati. Hapo sauti ya Kiingereza inaweza kuendelea kusoma Kiswahili kwa kanuni zake, na neno “pole” likasikika kama jina la Kiingereza la mlingoti.

Zana za kurekebisha ni za aina tatu. Za kwanza hutambua maandishi yaliyomo ndani ya picha. Tesseract ni mojawapo, hutolewa bure na inakitambua Kiswahili. Za pili hukagua: Microsoft Word ina sehemu yake ya ukaguzi, na programu ya PAC, isiyolipiwa, hupima PDF kwa kiwango cha PDF/UA. Za tatu, kama Adobe Acrobat Pro, humwezesha fundi kuweka lebo, kupanga mfuatano wa kusoma na kuvipa majina visanduku vya fomu.

Hakuna kati ya zana hizi inayomaliza kazi peke yake. Mkaguzi wa kompyuta hujua kwamba picha imewekewa maelezo, lakini hawezi kuamua kama maelezo hayo ni ya kweli. Picha ya ramani iliyoandikiwa “picha ya kwanza” inaweza kupita ukaguzi bila kumfaa msikilizaji. Programu ya kutambua maandishi nayo huweza kuona 8 mahali penye 3, kosa zito katika ankara au cheti cha dawa. Kwa sababu hiyo, hati iliyorekebishwa hukaguliwa tena na mtu, na ni bora zaidi isikilizwe na mtumiaji wa programu ya kusoma skrini.

Njia nyepesi zaidi ni kuanza vyema. Mwandishi atumie mitindo ya vichwa iliyomo katika Word badala ya kukoleza wino tu, aeleze picha, ataje lugha ya hati, kisha aihifadhi moja kwa moja kama PDF yenye lebo. Barua yenye muhuri inaweza kuambatanishwa na nakala ya maandishi.

Sheria nazo zimegusia suala hili. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kufikia habari. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, unaruhusu vitabu kutolewa katika nakala zinazofikika na wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Hati za kila siku, kuanzia fomu hadi matangazo, zinabaki mikononi mwa ofisi zinazoziandaa.