Anga Iliyowazungusha Makaburu

Msikilizaji, chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka Johannesburg hadi London. Utapata kilomita 9,000 na ushei, mwendo wa saa 11 hivi kwa jeti za siku hizi. Lakini uzi haujui siasa. Kwa zaidi ya robo karne, ndege za shirika la Afrika Kusini hazikuweza kuufuata.

Safari hizo zilipoanza Novemba 1945, ndege zilikuwa zikitua Nairobi, Khartoum na Cairo, na abiria walikaa njiani siku mbili tatu. Bara lote lilikuwa uwanja wao.

Mei 1963 viongozi wa nchi huru, Mwalimu Nyerere akiwemo, walikutana Addis Ababa na kuunda OAU. Pamoja na mengine, waliazimia kuzinyima ndege za serikali ya ubaguzi ruhusa ya kutua, na hata ya kupita juu. Sheria ilikuwa upande wao, kwani Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake. Agosti mwaka huo makaburu wakaanza kuzunguka baharini, wakilikwepa tumbo la Afrika Magharibi. Walijaza mafuta mahali kama Luanda na Kisiwa cha Sal, huko Cape Verde, ambako Mreno alikuwa angali akitawala.

Tupige hesabu. Kupitia Sal kunaongeza zaidi ya kilomita 2,000. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, hizo ni saa mbili na zaidi angani, kwenda na kurudi, na mafuta hayauzwi bure.

Makaburu nao hawakulala. Walinunua Boeing 747SP, ndege fupi yenye uwezo wa kwenda mbali sana. Machi 1976 moja yao iliruka kutoka kiwandani karibu na Seattle, Marekani, hadi Cape Town bila kutua: kilomita 16,560 kwa saa 17 na dakika 22.

Na sisi wenyewe tulikuwa na tundu. Cape Verde ilipata uhuru 1975, lakini iliendelea kuwapokea Sal, maana ilihitaji fedha za kigeni. Naona uzito kuilaumu nchi kame kama ile. Mkono mtupu haulambwi.

Wapo wasemao azimio lile halikuangusha ubaguzi. Ni kweli, serikali haianguki kwa ndege kuchelewa saa mbili. Hata hivyo, nchi changa zisizo na fedha wala majeshi makubwa ziligundua kwamba zina kitu ambacho mwenye nguvu anakihitaji, nazo zikamnyima. Anga ilianza kufunguliwa ubaguzi ulipoanza kubomolewa, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Abiria wa leo anayelala Johannesburg akaamkia London anapita njia iliyowahi kufungwa na wenyewe, kwa haki yao.